Uchafu wa Ngozi

Jina la Bi Subiri alipewa na madaktari, na hawakumpa kwa mapenzi. Wakipiga simu maabara kuuliza majibu ya damu waliyoleta jana, yeye huwajibu neno moja tu, "Subiri," kisha anakata. Miaka ishirini na sita yuko chumba kilekile cha mwisho wa korido, na wakubwa wote waliojaribu kumharakisha wamestaafu wakamwacha. Bakteria haoti kwa kusukumwa, ndivyo anavyosema, na anayetaka majibu ya haraka aende kwa mpiga ramli.

Sasa ili umwelewe, lazima ujue kidogo mambo ya chumba kile, na usiogope, si mengi. Bakteria wa ukoo wa stafilokokasi wote ukiwatazama kwa hadubini ni sura moja: viduara vimeshikana mafungu mafungu kama zabibu. Kazi ni kujua huyu ni nani katika ukoo. Mkorofi wao, yule anayetunga majipu na kuua watu vitandani, pale chumbani walimwita Dhahabu kwa sababu ya rangi yake kwenye sahani ya kuoteshea. Mwingine anaishi juu ya ngozi ya kila mtu, yako na yangu, hana makuu, wakamwita Mpole. Mpole akionekana kwenye chupa ya damu, mara nyingi ni sindano tu imemzoa ngozini wakati nesi anachoma. Hapo Bi Subiri huandika maneno matano, "Huenda ni uchafu wa ngozi," na daktari hana haja ya kuhangaika na dawa.

Kuwatenganisha wawili hao ni plazma, yale maji ya manjano ya damu. Dhahabu huigandisha, Mpole haigandishi. Kuna kipimo cha kioo, ambacho unakoroga bakteria na tone la plazma juu ya kioo, na ndani ya sekunde kumi unaona chembechembe au huoni. Na kuna kipimo cha mrija, ambacho unachanganya, unaweka kwenye kabati la joto, na unangoja saa nne, pengine hadi kesho yake. Miaka minane nyuma kipimo cha kioo kilimdanganya Bi Subiri mara mbili ndani ya mwezi mmoja, akatolewa nishai mbele ya kikao kizima cha madaktari. Alirudi chumbani amevimba. Akabandika karatasi juu ya sinki, kwa herufi kubwa, kwamba kuanzia siku hiyo kipimo ni mrija. Cha sekunde kumi kingemwambia nini mtu aliyezoea kungoja? Wenzake wakakubali, maana nani angebishana naye.

Basi Jumatano ile asubuhi alifungua kabati la joto, akaanza kutoa sahani moja moja, na moja ikamsimamisha.

Ilikuwa ya fundi viti, mwanamume wa miaka arobaini na minne anayeshona viti vya magari. Karatasi ya wodi ilieleza homa ya wiki tatu na jipu kwenye kinena lililokwisha kupona. Damu yake ilikuwa imechukuliwa kwenye chupa mbili. Siku ya Jumatatu chupa moja ilikuwa imeotesha stafilokokasi, mrija haukuganda, na Bi Subiri akaandika maneno yake matano bila hata kukaa chini. Lakini leo sahani haikufanana na ya Mpole. Madoa yalikuwa yamenenepa, yana umanjano wa siagi, na kila doa limezungukwa na duara jeupe pale lilipokula damu iliyotiwa kwenye sahani kama chakula. Aliinua kifuniko kidogo. Kunusa sahani hakuruhusiwi, na yeye mwenyewe amefukuza watu kwa kosa hilo, lakini alinusa. Ilinukia tamu, kama majani makavu.

Akageuka kuangalia rafu ya chupa za damu. Chupa ya pili ya fundi viti nayo ilikuwa imeota.

Chupa moja ni bahati mbaya ya sindano. Chupa mbili, kutoka mikono miwili, ni ugomvi mwingine.

"Una kioo safi hapo?" akamuuliza mwenzake wa meza ya pili, ambaye kwa kuwa alipima mikojo tangu ujana wake, hospitali nzima ilimwita Mzee wa Mkojo.

"Kioo cha nini?"

"Nipe tu."

Mzee wa Mkojo akampa, akasogea kutazama. Bi Subiri akadondosha maji, akakoroga doa moja, akaongeza tone la plazma na kukitikisa kioo taratibu. Hakufika hata sekunde ya tano. Chembechembe nyeupe zikashikana waziwazi, ungeziona hata bila miwani.

"Umevunja sheria yako," Mzee wa Mkojo akasema, akitaka kucheka. Kisha akamwona uso, akaacha.

Mrija unakataa, kioo kinakubali. Bi Subiri aliwahi kusikia habari za bakteria wa namna hiyo kwenye semina fulani, akiwa amekaa nyuma na chai yake, akijitia kusikiliza. Stafilokokasi lugdunensis. Ana sura ya Mpole na tabia za Dhahabu. Hupenda kukaa kwenye kinena na mapajani, hutunga jipu la kawaida ambalo hakuna anayelitilia maanani, na akiingia kwenye damu huenda moja kwa moja kwenye vali za moyo, vile vilango vyake, akazitafuna kwa siku chache. Cha ajabu, hata dawa za zamani humwua. Mnyenyekevu kabisa mbele ya sindano, ilimradi kuna mtu aliyemtambua.

Kilibaki kipimo kimoja tu cha kumhakikisha, kikaratasi wanachokitumia kwa bakteria wa koo, unakipaka doa na kungoja dakika chache kama kitageuka chekundu. Dakika hizo ndizo alizozichukia kuliko zote alizowahi kungoja. Akafuta meza iliyokuwa safi. Akaifuta tena. Akajiambia huenda kisibadilike, huenda anajitia wazimu bure, huenda kioo kimemdanganya kama zamani. Kikaratasi kikageuka chekundu.

Akashika simu. Wodini akapokea nesi, pumzi juu.

"Sista, yule fundi viti wa kitanda cha kumi na saba. Anapata dawa gani?"

"Hapati kitu. Daktari alizisimamisha majibu yenu yalipokuja. Ameruhusiwa."

"Lini?"

"Sasa hivi. Nadhani yuko dirisha la dawa, au ameshaondoka. Si ninyi mliosema ni uchafu wa ngozi?"

"Mtume mtu amzuie."

"Nitume nani, Bi Subiri? Niko peke yangu na vitanda thelathini. Wewe ngoja, nikimaliza hapa nita..."

Bi Subiri hakungoja. Alivua glavu, akanawa kwa haraka ambayo angemgombeza mtu mwingine kwayo, akashika karatasi yenye nambari ya mgonjwa, akatoka na koti lake jeupe. Watu wa korido walimpisha kwa mshangao. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, na kusema kweli hakukimbia vizuri. Magoti yalikuwa na maoni yao.

Kwenye dirisha la dawa palikuwa na watu kama hamsini kwenye mabenchi. Akasimama mbele yao, ndipo akagundua kwamba hamjui mtu wake. Alijua anavyoota kwenye sahani. Alijua rangi yake, harufu yake, saa aliyoanza kuota. Kama ni mfupi au mrefu, mweusi au maji ya kunde, hakujua, na nesi hakuwa amemwambia kitu. Ikabidi aanze benchi la kwanza, anainama kwa kila mwanamume, "Samahani baba, nione kadi yako," anasoma nambari, anapita. Wengine walimpa. Wengine waliificha kadi wakidhani anatafuta wasiolipa. Mmoja alimwambia yeye amekuja kumchukulia dawa mkewe mjamzito, akaomba asipimwe. Benchi la pili, la tatu. Akawa anasoma nambari mara mbili asiamini macho yake. Huenda huyo mtu yuko getini. Huenda ameshapanda gari, na gari limekwenda.

"Mama, unatafuta nambari gani?" akauliza mwanamke mmoja aliyekaa na mfuko wa nguo mapajani.

Bi Subiri akaisoma kwa sauti.

"Hiyo yetu," mwanamke akasema. Pembeni yake mwanamume mpana wa mabega alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, macho nusu, shati limelowa jasho ingawa hapakuwa na joto. "Wewe ndiwe wa maabara? Wewe ndiwe uliyesema hana kitu?" Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri mara nne. "Hii nitawaonyesha ndugu zake. Walikuwa wanasema mume wangu anakufa."

Bi Subiri alitaka kusema kuna jambo dogo la kuhakikisha. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni, laini, yasiyomuumiza mtu, hasa yeye mwenyewe. Akayameza.

"Mimi ndiye niliyeandika," akasema. "Nimekosea. Si uchafu. Ni mdudu wa kweli, yumo kwenye damu yake, na ninaogopa amefika kwenye moyo. Twendeni juu sasa hivi."

Mwanamke akaikunjua karatasi, akaisoma tena.

"Niliwaambia homa haijaisha," fundi viti akasema taratibu bila kufumbua macho. "Tangu jana naitetemekea ndani ya shuka. Wakaniambia cheti kimeonyesha sina kitu."

Walimpandisha kwa kiti cha magurudumu, Bi Subiri akisukuma mwenyewe. Daktari, kijana aliyewahi kukatiwa simu na mama huyu zaidi ya mara kumi, hakuuliza swali hata moja. Aliweka kipimo cha kusikilizia moyo kifuani pa fundi viti, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena kwa muda mrefu mpaka mke akaanza kuvuta uzi wa mfuko wake. Kisha akaagiza sindano ya dawa iletwe mara moja, ndani ya mshipa. Nje ya pazia akamwambia Bi Subiri kwamba kuna sauti kwenye moyo ambayo Jumatatu haikuwepo.

"Siku hizi mbili bila dawa," Bi Subiri akauliza, "ndizo zilizomharibu?"

"Sijui," daktari akasema. "Anaweza kupona kwa dawa, anaweza kuhitaji kupasuliwa. Lakini ungechelewa hadi kesho, nisingekuwa na la kufanya." Akamshika bega. "Umemwokoa, mama."

Alidhani anamfariji. Bi Subiri akashuka ngazi moja moja akishika ukuta, na neno lile lilimchoma kila hatua.

Chumbani akabandua karatasi ya juu ya sinki. Mzee wa Mkojo alikuwa amemwekea chai, hakuigusa. Alivuta ngazi, akashusha kutoka juu ya kabati daftari za majibu za miaka minane, zote kwa mwandiko wake, akaanza na ya kwanza. Kidole kikateremka kwenye safu. Chupa moja kati ya mbili, mrija haukuganda, huenda ni uchafu wa ngozi. Sawa, akajiambia, huyo alikuwa Mpole. Chupa moja kati ya mbili. Sawa. Ukurasa wa tisa kidole kikasimama. Mwanamke, miaka thelathini na moja, homa baada ya jipu la paja. Chupa mbili kati ya mbili, mrija haukuganda. Huenda ni uchafu wa ngozi.

Akapiga simu masjala, akamsomea karani nambari, akaomba faili hilo litafutwe. Karani akaenda, akakaa, akarudi. Akasema kwenye rafu za kawaida halipo, liko chumba cha nyuma, na kule huwa wanahifadhi ya waliofariki tu. Akauliza kama bado analihitaji.

Bi Subiri akamwambia alilete, kisha akafungua ukurasa wa kumi.