Jiwe la Bibi Dirishani

Watu wengine hutumwa sukari. Mimi mama alinituma jiwe. Binti yangu Mwende alikuwa karibu kuolewa, na kwetu jiwe la kusagia hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Letu halikuwapo. Nyumbani lilibaki lile dogo la kushika mkononi tu.

Lile kubwa, bibi yangu alilipeleka Tulia miaka ya sitini, lionyeshwe pamoja na vyombo vya kale katika ukumbi mpya wa maonyesho ya kilimo. Ukumbi wenyewe ulikuwa bado unajengwa na akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, na kila mmoja alitakiwa aje na jiwe. Fundi akamwona bibi na lake mgongoni, akamshukuru sana, akalijenga ukutani.

“Lilete,” mama aliniambia. “Mwende hatoki hapa mikono mitupu.”

Asubuhi niliondoka Kathonzweni, nyundo na patasi zikiwa kiondoni. Nilipitia Machakos, nikala Kitui, na jua lilikuwa limeinama nilipofika Tulia.

Nilitarajia banda. Nikakuta jengo lililonifunga mdomo. Milango ni mipana, fahali angepita bila kugusa pembe. Paa refu halina nguzo hata moja katikati. Kuta ni za mawe ya mtoni, na kila kikundi kilijenga kipande chake kwa mtindo wake, hata ukitembea unaona mkono mmoja umeisha na mwingine umeanza. Nilijivunia akina mama wale kama niliyekuwapo.

Mlinzi, Bwana Musyoka, alinisimulia kwamba maonyesho yalipohamishwa, humo paliwekwa mahindi ya msaada wakati wa njaa. Siku hizi makanisa hufungia harusi humo.

“Na wewe mama, umekuja kuona nini?”

“Jiwe letu. Nataka kulitoa.”

Akaona mpini wa nyundo. “Wacha mchezo! Hii nyumba serikali imeandika ni kumbukumbu. Hata mimi nimekatazwa kupiga msumari wa kuweka koti.”

Hata hivyo alinionyesha. Lilikuwa limelazwa chini ya dirisha kubwa, bonde lake likitazama juu. Nikaweka kiganja mahali bibi alipokuwa akisagia, nikalia.

“Hiyo ukitoa,” akasema kwa upole, “dirisha itakuja nayo.”

Kesho yake jioni mama aliningoja langoni.

“Liko wapi?”

“Limebeba dirisha, mama. Wamekataa.”

“Hilo dirisha ni zuri?”

“Ni zuri kuliko yote niliyowahi kuona.”

“Basi mwambie pasta. Jiwe likikataa kuja, harusi itaenda.”

Nilichojifunza safarini ni kidogo: usifungashe patasi kabla hujaona ukuta.

Siku ya harusi, Bwana Musyoka alitufungulia ile milango mipana. Kabla ya kiapo, mama alimwongoza Mwende hadi dirishani, akamimina wimbi kwenye bonde la jiwe, kisha akafungua leso yake na kutoa lile jiwe dogo alilolitunza miaka yote.

“Saga,” alisema.

Pasta akafunga Biblia, akangoja. Na Mwende, ndani ya gauni lake jeupe, akasaga.