Aliyeitwa Yona

Usiku ule nililala na soksi miguuni na kitenge kiunoni, kama mtu anayesubiri kuitwa. Mvua ya huku kwetu Tukuyu haina adabu, ilikuwa inapiga bati toka mchana. Nikawa nageuka tu, ubavu huu, ubavu ule. Kesho yake mdogo wangu Sekela alikuwa anahama. Anamfuata mumewe Chunya, machimboni, na alimtuma jirani aniambie: dada asije kunisindikiza.

Sababu ni mimi. Sekela alimzika mwanawe Yona, mtoto wa miezi minane, na tangu siku ile hakukanyaga kanisani. Mimi ndiye niliyemwingiza kwenye wokovu, nikaona akipotea nitaulizwa mimi. Kila siku nipo mlangoni kwake na Biblia. Jumapili nikaharibu kabisa: nilikwenda na akina mama wanane wa kanisani, bila kumwambia, tukaanza mapambio sebuleni kwake. Sekela akatokea mlango wa nyuma, akaenda kukaa kwenye migomba, na mvua ile, mpaka tukamaliza. Nilipomfuata akaniambia bila kuinua macho, "Dada, ukija kama dada, karibu. Ukija kama kengele, baki huko huko mnarani."

Nililala na neno hilo. Usingizi ukaja kwa kunyemelea.

Niko darasani. Lile darasa letu la kisomo cha watu wazima, saa kumi jioni, tumekalia madawati ya watoto na magoti hayaingii. Mwalimu Subilaga yuko mbele, na sweta lake la kijani lililotoboka kiwiko. Mwalimu alishafariki, huu mwaka wa nne, na ndotoni najua hivyo. Lakini naona si heshima kumkumbusha.

Huyu mwalimu ndiye aliyenifundisha kusoma. Nilikwenda kwake nina miaka thelathini, Rehema wangu mgongoni, sijui a wala be. Mkono wangu ulizoea jembe. Nikishika penseli naikandamiza, karatasi inatoboka mpaka chini. Kulikuwa na mzee mmoja tuliyemwita Babu Ndizi, kazi yake kunicheka: "Mama Rehema, leo umelima heka ngapi?" Darasa zima linavunjika. Mwalimu hacheki. Anakuja, anaweka mkono wake juu ya wangu, anasema taratibu, "Legeza mkono, mama. Karatasi haikimbii."

Sasa ndotoni anafungua daftari la mahudhurio. Anaita majina, na wanaoitikia wote ni watu tuliokwisha kuwazika. Babu Ndizi anasema, "Nipo, mwalimu," na koti lake la mvua linachuruzika maji sakafuni.

"Yona."

"Yona," anaita tena. "Nani atamwitikia Yona?"

Nageuka. Dawati la nyuma kabisa amekaa Sekela, kichwa kimefunikwa khanga, ameloa chapachapa. Ananitazama mimi. Nataka kusema, nafungua mdomo, linatoka andiko. Nafunga, nafungua, linatoka jingine. Nayasema haraka haraka, sauti inapanda, na kila nikisema dawati la Sekela linarudi nyuma. Hakuna anayelisukuma. Ukuta wa darasa haupo tena, nyuma yake ni migomba, na yeye anaingia humo, anaingia, naona khanga tu.

"Mwalimu, anaondoka!"

"Andika," Mwalimu ananiambia.

Penseli iko mkononi. Najua ninachotakiwa kuandika, herufi nne tu. Nakandamiza. Karatasi inatoboka. Nageuza ukurasa, inatoboka. Nikichungulia kwenye tundu naona kaburi dogo na udongo wake mbichi, na sisi akina mama tumesimama pale tunamwambia Sekela asilie, Mungu hakosei. Najisikia mimi mwenyewe nikisema. Sauti yangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Mwalimu amekaa kando yangu sasa. Ananukia chaki na moshi wa kuni, kama zamani.

"Mama Rehema. Siku ya kwanza nilikuuliza nini?"

Hapo nikakumbuka, ndotoni humo humo. Hakuniuliza kama nimeokoka. Karibu mwaka mzima hakuniuliza. Siku ya kwanza alimtazama mtoto mgongoni kwangu akasema, "Huyu anaitwa nani?" Na neno la kwanza nililoandika maishani mwangu ni Rehema. Mimi ndiye niliyekuja kumuuliza baadaye, mwenyewe, kwamba mwalimu, kabla hujaanza kufundisha unanong'ona nini pale dirishani? Akaniambia, "Namtajia Yesu majina yenu. Na wewe nakutaja, na mtoto." Nililia njia nzima. Jumapili ile nikamfuata kanisani, hakuniita.

"Uliniuliza mtoto anaitwa nani," namjibu.

Mwalimu anatikisa kichwa, anakubali. Anafunga daftari. Anasimama na kuelekea kwenye migomba, kule alikoingia Sekela, na mvua haimlowanishi. Namkimbilia, miguu mizito, dawati limenibana magoti.

"Mwalimu, nimwambie nini?"

Hageuki. "Wewe toka azikwe umemtaja lini?"

Nikaamka.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekunja ngumi, kucha zimezama kwenye kiganja. Sisemi kwamba wafu wanarudi. Nasema Mungu anajua atumie sura ya nani ili mimi nisikie. Nikakaa kitandani nikatafuta, na ni kweli: toka siku ya mazishi sikuwahi kulitamka jina lake. Nilisema marehemu, nikasema mtoto, nikasema jaribu lako. Yona, sikusema.

Nikalegeza vidole kimoja kimoja. Nikapiga magoti nikamtajia Bwana majina mawili tu, la mama na la mwanawe. Biblia nikaiacha mezani, yaliyomo Sekela alishayasikia kwangu.

Kulikuwa kunapambazuka nilipofika kwa Sekela. Mabegi yalikuwa barazani, yamefunikwa turubai.

"Hodi."

"Dada, kama umekuja kuniombea, niombee hapo hapo nje."

"Sijaja na maombi. Nimekuja kukuuliza kitu."

"Uliza."

"Yona alikuwa anacheka sana akiona nini? Mimi nilikuwa nawahi kanisani, sikuwahi kukaa naye nikajua."

Maji yalikuwa yanadondoka toka kwenye bati, nikaanza kuyahesabu, nikapotea. Halafu nikasikia komeo.

Sekela alisimama mlangoni na khanga begani, macho mekundu.

"Kuku," alisema. "Jogoo akikimbia na mvua. Alikuwa anacheka mpaka anapata kwikwi."

Akasogea nipite. "Gari linakuja saa tatu, dada. Ingia, nitakuhadithia."