Mipira Miwili Katika Ukungu wa Kibugu

Mama mtunza maabara huja shuleni vidole vikiwa vyeusi kwa kuchuma chai, na kila siku ya somo la umeme huanza kwa kukausha vifaa juu ya jiko la makaa, kwa sababu ukungu wa Kibugu huila chaji yote. Huvigeuza polepole kama anayechoma mahindi, akivibembeleza kwa Kiembu. Leo mwanafunzi Celina alimletea fomu ya kuacha fizikia.

“Iweke hapo kwanza, mwanangu. Shika huu.”

Mama alikuwa amesugua kwa sweta yake mipira miwili myepesi. Mmoja ulining’inia kwenye uzi. Mwingine, ulio kwenye kijiti, akampa Celina. Celina aliusogeza, na ule wa uzi ukajitenga kidogo.

“Sasa punguza umbali nusu. Nguvu itakuwa mara nne.”

“Si mara mbili, Mama?”

“Mimi ni mwosha chupa tu. Uliza mipira.”

Celina akasogeza, na mpira ukaruka pembeni, ukavuta uzi wake. Alipoinua macho alimwona Mama ameziba mdomo na pua kwa leso, asije akaulowesha mpira kwa pumzi yake, na mishipa ya shingo imemsimama. Celina akatambua kwamba naye hapumui.

“Na chaji ya huu wangu ikiongezeka maradufu?” aliuliza.

Mama akavuta pumzi ndefu. “Hapo ndipo mara mbili. Lakini usiniamini mimi. Sugua mwenyewe.”