Kipande cha Katoni Chini ya Lori

Fundi wa malori wa Migori, yule ambaye wasomaji wangu wa siku nyingi mnakumbuka nilivyomtania hapa kwa woga wake, ametutoka. Habari zilinikuta mezani na chakula kikanishinda. Mafundi hodari tunao, tena wengi. Mwoga kama yule hatuna tena, na jambo hilo linanitia hofu kila nionapo lori barabarani.

Nilimfahamu kupitia dada yangu, mchuuzi wa samaki wa Sori. Tulikuwa kwenye lori lililobeba mtaji wake wote juu ya barafu, taa ya ekzosi, yaani bomba la moshi, ikawaka kwenye dashibodi, nguvu zikapungua, na nyuma ukafuka moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi. Tukajikokota hadi kwa fundi huyo, na mashine yake ya kupimia ikasema kichujio cha moshi kimejaa masizi. Dereva akataka lifanywe lile linalofanywa siku zote: injini iungurume papo hapo, masizi yachomwe kwa joto, twende zetu. Fundi akakataa katakata. Malori ya siku hizi yana nozeli ndogo inayonyunyizia ekzosi dizeli ili masizi yaungue, na yeye aliishuku nozeli yenyewe. Akaichomoa kwenye ekzosi, mpira wa mafuta ukiwa bado umeunganishwa, akaielekeza juu ya kipande cha katoni na kuagiza injini iwashwe.

"Fundi, barafu inaisha!" dada akapiga kelele. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye bodi.

"Naona, mama. Hata mimi naogopa. Lakini hii ndio naogopa zaidi."

Tukaikodolea macho katoni. Nozeli ilipaswa kukaa kavu mpaka iamriwe. Ikatoa tone, halafu jingine, doa likatanuka. Kumbe ekzosi ilikuwa imelowa dizeli, na tungechoma yale masizi, lori lingewaka dada yangu akiwa ndani ya kebini. Samaki wengi waliharibika siku ile. Dada alilia, kisha akamshika fundi mkono, asiuachie.

Siku hizi haraka imekuwa sifa. Taa ikiwaka tunaibandika utepe, kichujio kikisumbua tunakikata na kukitupa, na moshi tunawaachia akina mama wanaouza mboga kando ya barabara. Anayesema tungoje huonekana mkosi.

Juzi tulikuwa tukiupeleka mwili wa fundi kwao Sindo kwa lori, kutoka mochari. Hatukuwa tumefika mbali, taa ile ile ikawaka.

"Hiyo ni kawaida," dereva akasema. "Twende tu, watu wanangoja."

Dada yangu akafungua mlango na kushuka. "Omera, ndugu yangu, haiendi mahali. Leta katoni."

Nozeli ikachomolewa. Tukainama kando ya barabara na nguo zetu za matanga, jeneza likiwa nyuma yetu. Katoni ikabaki kavu. Ulikuwa waya tu uliolegea.

Tulichelewa bure, na pale nyumbani wazee wakatuuliza kwa ukali tulikuwa wapi. Dada ndiye aliyejibu, nami tangu siku hiyo sijapata somo jingine la kulishinda jibu lake.

"Tulikuwa tunaogopa," alisema, "vile yeye alitufunza."