Vichupa Visivyotaka Barafu

Nimefanya kazi na Dada Manivone miaka kumi na miwili katika maabara ya hospitali ya mkoa, na kiti chake bado ni kipya. Hakai. Akipika uji wa kusafirishia sampuli anazunguka jiko, anachungulia, anaumimina kwenye vichupa, anavichemsha kwa mvuke robo saa, kisha anakaza vifuniko kimoja kimoja mpaka vidole vinamwiva. Uji ule haulishi vijidudu wala hauviui. Unavishikilia tu viwe hai hadi vifike kwetu. Na kila akituma vichupa wilayani huongeza neno lilelile: visitiwe baridi.

Aprili ile, siku chache kabla ya mwaka mpya wetu, nesi Chanthala alipiga simu kutoka milimani. Watu wanne wa kijiji kimoja walikuwa wanaharisha maji matupu. Mwaka mpya watu humwagiana maji ya mto na kula pamoja, kwa hiyo kama ni kipindupindu, sherehe ilibidi ifutwe na maji yachemshwe haraka. Lakini mkuu wa wilaya hakutaka kufuta kitu bila karatasi ya maabara.

Jumatatu sampuli zilikuja na basi la Phouvong, kijana wa kijiji hichohicho. Manivone alimngoja stendi, akienda huku na huku hadi nikachoka kumtazama. Phouvong alishuka akichekelea, akafungua kasha la bia na kutoa kisanduku chetu katikati ya barafu.

"Nesi kaniambia nikitunze vizuri, dada. Joto gani hili! Hata samaki wangu sijawapa nafasi nzuri hivyo."

"Umeviua, Phouvong."

"Nimeua nini tena? Si mavi tu hayo?"

Kwetu, mwezi huo, kutunza kitu ni kukitia barafu, nami sikuweza kumlaumu. Manivone aliweza. Alimporomoshea maneno hadi abiria wakasahau mizigo yao.

Jumanne jioni sahani tulizopandia sampuli hazikuota kitu. Mkuu wa wilaya akampigia Manivone simu.

"Kwa hiyo hakuna kipindupindu. Andika basi, mama, watu wameshanunua nguruwe."

"Hakuna kilichoota. Sijasema hakuna kipindupindu."

"Tofauti yake nini?"

"Barafu. Siandiki uongo, mheshimiwa, hata mchinje nguruwe kumi."

Jumatano alfajiri Manivone alipanda basi lilelile, vichupa vipya mapajani. Kijijini alikuta wagonjwa tisa. Wa tisa alikuwa mama yake Phouvong, aliyeanza kuharisha asubuhi hiyo. Chanthala alikuwa ameshamtundikia dripu. Phouvong aliendesha basi kurudi mjini, kisanduku kando yake, feni ameigeuzia upande mwingine. Alipotushushia tu mzigo, aliazima pikipiki akarudi kwa mama yake.

Alhamisi jioni sahani zilijaa viduara vya manjano. Kipindupindu. Manivone alipiga simu amesimama, akapiga tena, akapiga ya tatu. Sherehe ikafutwa, na kila nyumba ikachemsha maji. Mama yake Phouvong alifariki Ijumaa.

Siku kumi baadaye Phouvong alikuja maabara. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, maana aliingia utawa kwa siku chache kwa ajili ya mazishi, kama inavyompasa mtoto wa kiume kwetu. Alisimama mlangoni, hakutaka kukanyaga sakafu yetu.

"Dada Mani, niambie ukweli. Bila ile barafu yangu, ungejua lini?"

Nilijua jibu. Jumanne. Jumanne ileile kijiji kingeanza kuchemsha maji, na mama yake aliugua Jumatano. Niliinamisha kichwa kwenye vichupa nisimtazame. Nilimhurumia, na nilimwogopa Manivone, kwa kuwa mwanamke yule hajawahi kulainisha jibu kwa ajili ya mtu yeyote.

Alivuta kile kiti chake. Akakaa.

"Alhamisi," alisema. "Hata bila barafu yako, ndugu yangu, ningejua Alhamisi."