Maganda ya Bibi

Juzi nilikuwa Murukulazo kwenye msiba, nikamwomba dereva wa bodaboda asimame kwenye mteremko nilikokulia. Akaniuliza nimeangusha nini. Nikamwambia natafuta shamba la migomba, akacheka, maana mbele yetu palikuwa na nyasi tu.

Hapo, rafiki yangu, ndipo bibi aliponilea. Asubuhi niliamshwa na moshi wa kuni na harufu ya ndizi zikichemka na maharage. Kazi yangu ilikuwa kumwaga maganda na majivu kwenye mashina. "Mgomba unakulisha, nawe uulishe," bibi alisema, na ukizembea ulijuta.

Kisha likaja agizo la serikali la kuhamia kijiji cha ujamaa, kwenye nyumba za mstari kando ya barabara. Katibu wa kijiji akaja na mgambo wa kuezua paa letu. Alikuwa kijana mwenye adabu, alianza kwa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," bibi akajibu. "Mnasema ardhi ni ya umma. Sawa, sikuiumba mimi. Lakini migomba hii niliipanda kwa mikono yangu. Nayo ni ya nani?"

Katibu akatazama chini. "Ni yako, bibi. Utaendelea kuvuna. Hakuna atakayeigusa."

Bibi alimwamini. Kule kijijini kila kaya iliagizwa kuchimba shimo la taka, na la kwetu likabaki tupu. Kila baada ya siku mbili tulijitwika vikapu vya maganda, mwendo wa saa nzima, kwenda kuilisha migomba yetu. Majirani walitutania kwamba tunapeleka chakula kwa wagonjwa, naye bibi alicheka kuliko wao. Nilizipenda mno safari zile.

Siku moja tukaikuta yote imekatwa, imelala chini. Mahali pale palikuwa pamepangwa kulimwa mahindi ya kijiji. Hakuna aliyekuwa ametuambia, wala aliyekuja kusema pole. Bibi akageuka na kikapu chake vilevile. Tulipofika nyumbani aliyamwaga maganda kwenye lile shimo, akanawa mikono.

Kijiji kilinipa shule na zahanati, siwezi kukikana. Hata hivyo, moyo unaniuma hadi leo. Bibi aliishi pale miaka mingi, na nyuma ya nyumba yake hakupanda mgomba hata mmoja. Nilipokuwa mkubwa nikamuuliza kwa nini.

"Nikiupanda nitaupenda, mjukuu wangu," akasema.