Moshi wa Saa Nne

Ukimkuta Mzee Elpidius wa Chonyonyo akipogoa migomba kwenye kibanja chake, hutadhani kwamba mtu huyu aliwahi kuwa na uwanja wa ndege. Yeye husema hivyo hivyo, "uwanja wangu," na wanaomjua hawambishii, maana kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeujua uwanja ule kumshinda. Kilikuwa kipande cha rweya, mbuga ya nyasi iliyo nje ya vibanja, ambacho misheni walikisawazisha ili ndege ndogo ya dawa na wagonjwa ipate pa kutua. Mnara haukuwepo, taa hazikuwepo, na ule mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo uliibwa mwezi wa kwanza tu. Wenye midomo walisema uliishia kuwa suruali. Aliyekuwepo ni Elpidius, fyekeo lake na kiberiti.

Siku ya ndege sista aligonga rimu ya gari iliyoning'inizwa nje ya zahanati. Elpidius angeisikia hata akiwa kaburini, ndivyo Nikuze mkewe, Mama Ainebyona, alivyokuwa akimtania. Alitimua ng'ombe kwanza, kisha akakimbilia mwisho wa magharibi kuwasha moto: majani makavu ya migomba chini, nyasi ndefu za mabingobingo, mbichi, juu, ili utoke moshi mweupe mzito. Moshi ule ulimwambia rubani mambo mawili, uwanja uko wapi na upepo unaelekea wapi. Nikuze, binti wa watu waliotoka Rwanda wakahamia upande wa Kyerwa, ndiye aliyebeba matita ya mabingobingo kichwani. Siku ambazo malaria ilimlaza mumewe aliwasha mwenyewe, na Elpidius hakuona aibu kukiri kwamba moshi wa mkewe ulikuwa mzuri kuliko wake.

Rubani alikuwa Kaijage, mtu wa Bukoba, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Kwa kawaida alitokea Kyerwa, akishashusha dawa huko. Akiteremka kitu cha kwanza ni kumshika Elpidius mkono na kumwambia neno lile lile: "Moshi wako nimeuona tangu Songambele."

Songambele si hapo; ni mbali, upande wa Kyerwa. Elpidius alirudi nyumbani na neno hilo kama mtu anayerudi na nyama, akampa Nikuze, na wote wawili wakashiba. Kaijage alimwahidi pia kwamba siku moja atampandisha wazunguke mara moja tu aone kulivyo. Haikuwa. Kila kiti kilipobaki wazi alipatikana mgonjwa, na safari ya mwisho kiti kilikwenda kwa mama mwenye mtoto aliyeungua uji. Elpidius mwenyewe ndiye aliyempandisha na kumfungia mlango. Baadaye barabara ikatengenezwa, misheni wakapata gari la wagonjwa, ndege ikaacha kuja. Miaka ikapita, kisha siku moja akasikia jina la Kaijage redioni kwenye matangazo ya vifo.

Kuna jambo lilikuwa limemkwama kooni. Zamani hizo, kilabuni, watu wakinywa rubisi, Yusto dereva wa misheni alimwambia mbele ya wote kwamba rubani ana vyombo vyake, moshi anautakia nini. Kiberiti walimpa ili naye aonekane ana kazi. Watu walicheka, na Elpidius alicheka nao. Lakini alipofika nyumbani hakula. Miaka ishirini na zaidi amelibeba neno hilo la Yusto upande mmoja na la Kaijage upande mwingine, na aliyeweza kumwamulia amekwisha kufa.

Mwaka juzi, wakati wa kuchuma kahawa, alikwenda Kayanga kutoa nakala ya kitambulisho katika steshenari ya Joyness, mjukuu wa jirani yao, msichana aliyesomea kompyuta na asiyejua kukaa kimya. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na picha ya ndege ndogo nyeupe, mabawa juu. Elpidius alisahau kilichompeleka. Joyness akamweleza: kuna mchezo unakuja, mtu anarusha ndege kama rubani wa kweli, na dunia utakayoiona chini ni dunia yenyewe, imepigwa picha kutoka juu, yote, na Chonyonyo imo. Michezo ya zamani ilitaka kompyuta ya bei mbaya. Huu unakaa kwenye kompyuta kubwa za wenyewe huko mbali, na unakuja kwa mtandao kadiri unavyosogea, kama maji ya bomba. Hakuna anayeweka ziwa zima nyumbani kwake. Tena mawingu yatakuwa ya saa ile ile. Kama Karagwe kunanyesha, na kwenye mchezo kunanyesha.

Mzee aliuliza swali moja tu. "Na mtu akitokea Songambele?"

"Hata Songambele, babu. Popote unapotaka."

Basi akaanza kungoja. Ulisemekana utatoka baada ya mavuno, ukasogezwa mbele, ukasogezwa tena. Kila siku ya soko alipita steshenari, akapokea shikamoo yake, akauliza habari za ndege. Watoto wa shule wakamwita Rubani. Alitafuta kofia aliyopewa na Kaijage, ikapatikana ndani ya debe la maharage ya mbegu, akaifua na kuianika uani siku mbili, ilhali ilikauka siku ya kwanza. Kisha, bila kutoa sababu, akashika fyekeo na kuanza kufyeka ule mwisho wa magharibi wa uwanja wa zamani. Hapo kijiji kikachemka. Ikasemwa serikali inarudisha uwanja wa ndege, na Bigirimana, mtu wa kuona mbali panapohusu fidia, akapanda miche ya kahawa kwenye kipande ambacho hakuwahi kukijali tangu azaliwe. Elpidius hakukanusha. Alisema tu si vizuri mgeni akute mahali pachafu.

Kungoja kulimrudishia ujana wake, na mimi sioni haya kusema kulimtia raha kuliko miaka yote ya mapumziko. Aliamka anasikia rimu ikilia. Alikumbuka harufu ya mafuta ya ndege kwenye nyasi zenye umande, na vile Kaijage alivyopunga mkono dirishani wakati wa kuondoka, kila mara, hata mvua ikinyesha. Jioni moja wakimenya ndizi Nikuze alisema, kama mtu anayesema na sufuria, kwamba naye anakumbuka zile mbio za kukimbia na matita kichwani. Siku hizi hakuna kinachomkimbiza. Elpidius alitamani kumjibu kitu kizuri, akamenya ndizi yake kwa uangalifu mkubwa.

Mwezi wa kumi na moja Joyness akapiga simu: umetoka. Lakini siku za mwanzo ulikuwa haufunguki, maana dunia nzima iliuvamia kwa mpigo, na ikabidi wangoje wiki mbili nyingine. Hatimaye wakapatana Jumamosi, saa nne asubuhi.

Na hapa ndipo mzee alipofanya hesabu yake. Ardhi ni ya kweli. Mawingu ni ya saa ile ile. Basi na moshi vivyo hivyo, nani angemlaumu? Aliyefanya kazi miaka kumi na tisa chini, akisubiri kuonekana, hawezi kwenda juu akaacha chini hakuna mtu. Siku moja kabla alimwambia Nikuze: kesho saa nne kamili awashe, palepale pa zamani. Nikuze hakucheka. Aliuliza kama ng'ombe wa Bigirimana wanachungwa upande ule siku hizi, kisha akaenda kukata mabingobingo.

Asubuhi ile Elpidius alikaa mbele ya kompyuta, kofia kichwani, mikono imeshika kiti. Joyness ndiye aliyerusha, kutoka Bukoba. Ziwa liliinama, likabaki nyuma, na vilima vikaanza kuja, mara vimeyeyuka kama udongo mbichi, mara mtandao ukikaa sawa vinasimama. Juu ya Karagwe kulikuwa na wingu zito upande wa kusini. Mzee akainuka, akachungulia mlangoni, akaliona wingu lile lile juu ya mabati ya Kayanga. Akarudi kukaa, hana shaka tena. Akaomba wazunguke kwanza hadi Kyerwa, kisha warudi kwa njia ya Kaijage, chini chini, kama alivyokuwa akija.

Wakafika Songambele. Elpidius alitazama mbele mpaka macho yakamwuma. Mbele kulikuwa na mgongo wa milima, mrefu, umekaa kati kama ukuta. Uwanja ulikuwa nyuma yake. Kutoka pale usingeonekana moshi, wala moto, wala kijiji kizima kikiungua. Akamwashiria Joyness aendelee.

Walipovuka mgongo rweya zikafunguka chini yao, moja baada ya nyingine, zote za rangi ya kahawia, zote zina vijia vya ng'ombe, zote zina vibanja pembeni.

"Uwanja ni upi, babu?"

"Ngoja moshi."

"Moshi upi?"

"Mama Ainebyona amewasha. Saa nne imeshapita."

Joyness aliondoa vidole kwenye vitufe. Alimtazama mzee, akatazama kofia. Akamweleza polepole kwamba mawingu ndiyo ya leo, lakini ardhi ilipigwa picha zamani. Mtu akiwasha moto sasa hivi, humu hauonekani. Kosa ni lake, alisema, hakueleza vizuri.

Elpidius hakuonekana kusikia pole yake. Alikuwa bado anatafuta. Nyasi zile alizifyeka kila shubiri kwa mkono wake, mawe yake aliyajua kama meno yake, na sasa zilipita chini ya macho yake asijue ni zipi. Ndege ilizunguka mara ya pili, mara ya tatu.

"Mimi mwenyewe," alisema mwishowe, "bila moshi siujui ulipo."

Akalisema tena, kwa sauti ya chini, na safari hii machozi yakamtoka naye anacheka. Alimwona Kaijage juu huko, na mgonjwa nyuma yake, anavuka ule ukuta na kukuta rweya zote zimefanana, mpaka auone mstari mweupe. Vyombo au si vyombo, Yusto alikuwa anabwabwaja tu. Na Kaijage naye, Mungu amrehemu, alikuwa anatia chumvi.

Joyness alimwuliza kama watue popote tu, si ni mchezo. Mzee akajifuta macho kwa kofia na kukataa. Hatui mtu pasipo na moshi. Wakarudi Bukoba.

Alipoteremka kwenye bodaboda Chonyonyo ilikuwa saa saba imepita. Moshi alianza kuuona akiwa barabarani, mweupe, mzito, umelala kuelekea magharibi. Nikuze alikuwa bado yupo, amekaa juu ya tita la mwisho, macho mekundu, kitenge kimejaa majivu. Ng'ombe walikuwa wametimuliwa hadi mbali. Saa tatu nzima alikuwa anauongeza moto ule, maana ndege za zamani zilikuwa zinachelewa.

Alisimama alipomwona, akajipangusa mikono.

"Baba Ainebyona, moshi umeonekana?"

Elpidius akavua kofia, akamshika mkono, kama watu wanaokutana uwanjani.

"Moshi wako nimeuona tangu Songambele."

Nikuze akainamisha kichwa kuficha tabasamu. "Yalikuwa mabichi kweli," alisema, "niliyakata jana jioni." Kisha wakachota udongo wote wawili, wakaufunika moto, kama walivyofanya kila mara ndege ilipokwisha kuondoka.